Turubai halipandishi bei: dhana potofu kuhusu kuuza au kubaki na gari la kale

Sentensi ninayoisikia mara nyingi kuliko zote kutoka kwa wenye magari ya kale hapa Lubumbashi ni hii: "Fundi, acha tu ilale, iko inapanda bei." Anayeitamka huwa amerithi au amenunua gari la fedha nyingi, tuseme Mercedes-Benz 280 SL ya mwaka 1969, amelifunika turubai uani kwake mtaa wa Golf au Makomeno, na hajaamua kama aliuze au abaki nalo. Kwa kuwa hajaamua, anaamini kwamba kuliacha pale lilipo hakumgharimu chochote, na kwamba siku atakayoamua atalikuta kama alivyoliacha, isipokuwa bei yake itakuwa imeongezeka. Katika kazi yangu nimeona imani hiyo ikimaliza magari mazuri mengi kuliko ajali zilivyoyamaliza, na ndiyo maana nitaieleza kwa urefu kabla ya kugusa nyingine.

"Gari likilala halichakai"

Gari lililolala huchakaa kwa namna yake, na uchakavu huo ni ghali kuutengeneza kuliko ule wa kutembea. Tuanzie kwenye tangi. Petroli inayokaa muda mrefu hupoteza sehemu zake nyepesi, na inayobaki hugeuka utando wa kunata wenye harufu ya varnishi. Kwenye gari la kabureta utando huo huziba jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli, kazi ambayo fundi makini huimaliza kwa siku moja. 280 SL haina kabureta. Ina pampu ya Bosch ya kunyunyizia petroli, yenye vipistoni sita, kimoja kwa kila silinda, vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba utando mwembamba tu hutosha kuvigandisha. Pampu hiyo haitengenezwi kwa nyundo na mafuta ya taa. Hupelekwa kwa mafundi wachache wenye benchi la kuipimia, ng'ambo, na gharama yake inaweza kufikia bei ya gari dogo lililotumika.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani, gari litembee au lisitembee, na kwa sababu hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka 2 bila kujali kilomita. Yakiachwa miaka 10, maji yaliyoingia hula chuma cha silinda za breki na kuacha vishimo vya kutu, pistoni hukwama, mipira ya breki huvimba kwa ndani, na siku ya kulisukuma gari magurudumu hukataa kuzunguka. Sili za oili hukauka na kupasuka kwa kukosa kulowanishwa. Sahani ya klachi hushikana na gurudumu la injini. Panya hujenga chini ya dashibodi na kutafuna nyaya. Na tairi, hata zikiwa na meno yote, huzeeka kwa miaka. Tazama ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, utaona tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2312 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mtu mwenye tairi za umri huo simruhusu kuelekea Likasi, hata akinihakikishia kwamba hazijatembea kilomita 1,000.

Turubai lenyewe ni adui. Mvua zetu hunyesha takriban kutoka Novemba hadi Aprili, na jua likichomoza baada ya mvua, unyevu hupanda kutoka ardhini na kunaswa chini ya plastiki. Rangi hutoa malengelenge, na kutu huanza sakafuni na kwenye mihimili ya chini, mahali ambapo mwenye gari hainami kuangalia. Kiangazi kikifika, vumbi jekundu hupenya chini ya turubai, na kila upepo unapolitikisa, vumbi hilo husugua rangi kama msasa. Gari linahitaji paa, sakafu kavu na kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa.

Kuna wanaojitetea kwa kusema kwamba huwasha injini kila Jumapili kwa dakika tano. Ningependa desturi hiyo ikome kabisa. Petroli inapoungua huzaa maji, na injini isiyopata moto wa kutosha huyaacha maji hayo ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi. Tena injini baridi hupewa petroli nyingi, ambayo hushuka kando ya ringi za pistoni na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na gari la kabureta ambalo halikurekebishwa kwa mwinuko huu tayari linakunywa petroli kuliko haja yake. Kwa hiyo mwenye kuwasha gari dakika tano kila wiki analidhuru mara hamsini kwa mwaka akidhani analitunza.

Njia ni mbili tu. Ya kwanza ni kuliendesha: mara moja kwa mwezi, siku kavu, nenda Kipushi urudi, mwendo wa takriban kilomita 60, ili oili ipate moto na unyevu utoke. Ya pili ni kulilaza kwa utaratibu: tangi limwagwe, mafuta ya breki yabadilishwe, betri itolewe, gari liinuliwe juu ya stendi. Anayeshindwa yote mawili hana gari analolihifadhi, ana gari analolipoteza polepole.

Na ikiwa tayari limelala miaka mingi, tafadhali msichaji betri na kupiga stata kwa furaha ya kulisikia likiunguruma. Nililetewa gari ambalo vijana wa nyumbani walifanya hivyo. Nilipofungua kichwa cha injini, nilikuta ndani ya silinda ya nne duara la kutu lenye upana ule ule wa ringi, pale pistoni ilipokuwa imesimama miaka yote, na vipande viwili vya ringi iliyovunjika vimechora mikwaruzo mirefu ukutani. Kabla ya jaribio hilo, injini ile ingeokolewa kwa kutoa plagi, kutia oili kidogo katika kila silinda, kuiacha ilowane siku kadhaa, kisha kuzungusha kranki kwa mkono kwa spana na kuwasha kwa petroli mpya kutoka kwenye galoni la pembeni. Baada ya jaribio, ilibidi ifumuliwe yote.

Kwa sababu hizi, mtu anayeniuliza kama auze au abaki nalo namwuliza kwanza ni nani nyumbani kwake atakayeliendesha mwaka huu. Akinitajia jina, tunazungumza juu ya matengenezo. Asiponitajia, namshauri auze sasa, gari likiwa bado zima.

"Bei ya magari ya kale hupanda daima"

Wengi hunitumia habari ya Mei 2022, pale Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé ilipouzwa kwa euro milioni 135. Gari hilo lilitengenezwa mawili tu, mwaka 1955. Ndugu zake 280 SL, zilizotengenezwa kutoka 1968 hadi 1971, ni 23,885, na ukijumlisha 230 SL na 250 SL zilizotangulia unapata 48,912. Ni gari zuri, linatafutwa, lakini si adimu, na mnunuzi ana nafasi ya kuchagua. Anacholipia ni hali ya gari lenyewe, si jina lake.

Wala si kweli kwamba bei haijawahi kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanunuzi wa Ulaya na Marekani walipandisha bei za Ferrari na Jaguar E-Type hadi kiwango cha kutisha, na kuanzia 1990 soko likaporomoka, na waliokuwa wamenunua kwa mkopo wakabaki na deni kubwa kuliko gari. Isitoshe, bei unayoiona kwenye simu ni bei inayotakiwa na muuzaji aliyeko Ujerumani kwa gari linalotembea huko Ujerumani, lenye karatasi zote. Gari lako liko Lubumbashi. Toa kwanza gharama ya kulivusha mpaka wa Kasumbalesa, kulipitisha Zambia, kulifikisha bandari ya Dar es Salaam na kulipakia melini, kisha toa kila kitu ambacho mnunuzi atalazimika kutengeneza. Hesabu hiyo ifanyike kwenye karatasi, na mbele yake iandikwe hesabu ya pili ya gharama za kubaki na gari kwa miaka 5: tairi, vipuri, paa, bima, vinyeti (kodi ya gari ya kila mwaka). Ndipo mtu ajue anachagua kati ya nini na nini.

"Nitalitengeneza kwanza, kisha niliuze kwa bei nzuri"

Mara nyingi fedha hizo hazirudi. Kazi kamili ya bodi, injini, kromu na viti vya ngozi inaweza kuzidi tofauti ya bei kati ya gari bovu na gari zuri, hasa vipuri vinapoagizwa kutoka mbali. Anayetengeneza ili aendeshe mwenyewe ana haki ya kutumia fedha zake, kwa kuwa malipo yake ni kuliendesha. Anayetaka kuuza afanye machache: alisafishe kwa ndani na kwa nje, breki zishike, injini iwake, kasoro zote ziandikwe bila kufichwa. Rangi mpya ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Mnunuzi mzoefu akiona rangi inayong'aa juu ya gari ambalo viti vyake vimepasuka, hujiuliza kuna nini chini yake, na hupunguza bei kwa ajili ya kutu ambayo huenda haipo.

"Sumaku isiponasa, kuna mastiki"

Kanuni hii, kwamba pasiponasa pamezibwa kwa mastiki badala ya chuma, ni sahihi nusu. Kwenye 280 SL milango, boneti na kifuniko cha buti ni alumini, na sumaku haitanasa hapo hata gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Mabawa na vizingiti vya chini ni chuma, na hapo ndipo sumaku ipitishwe, polepole, hasa nyuma ya magurudumu. Land Rover za zamani nazo zina bodi ya aloi ya alumini juu ya chasi ya chuma, kwa hiyo mtu asisifu bodi isiyo na kutu kabla ya kulala chini na kugonga chasi kwa bisibisi.

"Injini ya Toyota ya dizeli ni bora zaidi"

Kwa kubebea mahindi, kuiweka mahali pa injini ya asili sikatai. Kwa gari la thamani ni hasara. Namba ya injini inayolingana na kumbukumbu za kiwanda ni sehemu ya bei, na Umoja wa Ulaya hulihesabu gari kuwa kitu cha makumbusho, lisilolipiwa ushuru wa forodha, pale tu linapokuwa na umri wa miaka 30 au zaidi, katika hali yake ya asili, bila mabadiliko makubwa, na la aina isiyotengenezwa tena. Ujerumani hupunguza pia kodi ya ongezeko la thamani hadi asilimia 7 kwa magari ya namna hiyo. Injini ngeni humnyima mnunuzi manufaa hayo, naye atayakata kwenye bei yako. Kama injini ya asili imekwisha kutolewa, msiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, hata ikiwa imeganda. Iende pamoja na gari.

"Petroli isiyo na risasi italiua"

Petroli yenye risasi, madini yaliyokuwa yakilinda viti vya valvu, iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na magari haya yameendelea kutembea. Injini zenye kichwa cha alumini tayari zina viti vya valvu vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Sababu hii isimfanye mtu auze.

"Gari ni langu, baba aliniachia"

Hapa sina budi kusema na watoto kwa uwazi. Baba kukukabidhi funguo akiwa mgonjwa hakukufanyi mwenye gari. Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 inawapa watoto wote kwa pamoja robo tatu ya urithi, na robo inayobaki inawahusu mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Kijana anayemleta mnunuzi kabla ya mama na wadogo zake kukubaliana humuuzia mtu kesi.

Wengine huogopa kuuza kwa kuona ni kumkosea heshima marehemu. Nawaheshimu, kwa kuwa wanampenda mzazi wao, lakini nimeona magari ya wazee yaliyotunzwa miaka 30 yakioza ndani ya miaka 8, kwa kuwa watoto sita walikuwa wamiliki na hakuna hata mmoja aliyelipia betri. Mkiamua kubaki nalo, mteueni mmoja kwa maandishi, na andikeni kila mmoja atachangia kiasi gani kwa mwaka. Mkiamua kuuza, tafuteni kwanza karatasi: kadi ya waridi (hati ya usajili wa gari), cheti cha kifo, muhtasari wa baraza la familia uliosainiwa na wote, na risiti za zamani za gereji hata zikiwa zimepauka, kwa sababu risiti ya mwaka 1978 yenye namba ya chasi humthibitishia mnunuzi historia ya gari kuliko maneno yetu sote. Kisha linganisheni namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kutaja bei yoyote. Zisipolingana, shughulikieni jambo hilo ofisini kwanza, hata likichukua miezi.