Ndege Iliyoungua Katika Picha ya Zamani: Namna Tunavyoitambua

Karibu kila mtu anayeleta katika idara yetu ya picha, hapa Lubumbashi, picha ya zamani yenye mabaki ya ndege, huja akiwa amekwisha kuipa jina, na mara nyingi jina lenyewe ni "ndege ya Hammarskjöld". Si ajabu, kwa maana ajali iliyomuua Katibu Mkuu huyo wa Umoja wa Mataifa, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndiyo wazee wetu wanayoikumbuka kuliko nyingine zote, ingawa ilitokea ng'ambo ya mpaka, karibu na Ndola. Lakini ile ilikuwa DC-6 yenye injini nne, na mabawa yake yalikaribia mita 36 kutoka ncha hadi ncha. Katika picha aliyotuletea mzee mmoja wa Katuba tuliona injini moja tu.

Katika kazi hii maandishi husomwa mwisho, kwa sababu jicho likishasoma jina huanza kuona kile lilichoambiwa. Tunaanza na vitu ambavyo hata moto hauviondoi. Aluminiamu, ambayo ndiyo ngozi ya ndege nyingi, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi, kwa hiyo ndege iliyoungua hubaki majivu na madonge ya aluminiamu, ilhali chuma hustahimili. Katika picha ya mzee, mahali palipokuwa viti vya marubani palibaki kiunzi cha mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa. Ndege nyingi hazijengwi hivyo, lakini Harvard, ndege ya mafunzo ya Kimarekani ambayo majeshi mengi yaliifunga silaha, ina kiunzi cha namna hiyo kuanzia nyuma ya injini.

Kiunzi peke yake hakitoshi. Chini ya lenzi tulihesabu silinda tisa zilizopangwa duara moja, na rafadha yenye mapanga mawili. Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa ndege za T-28 zilizopigana Kongo kuanzia 1964 nazo zilikuwa na silinda tisa. Ila rafadha zake zilikuwa na mapanga matatu, na gurudumu lake dogo lilikuwa chini ya pua, si chini ya mkia kama la Harvard. Fouga Magister, ndege za jeti ambazo Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo kuanzia 1960 hadi 1963, ilipata tatu mwaka 1961, hazina rafadha kabisa, na mkia wake wenye umbo la herufi V humaliza ubishi mara moja. Kisha tukapima. Rafadha ya Harvard ina kipenyo cha mita 2.7 hivi, na askari aliyesimama kando yake katika picha alikubaliana na kipimo hicho. Njia hii inafaa tu pale ambapo mtu na kitu vimekuwa umbali mmoja na kamera. Akisogea hatua tatu mbele, ndege "hupungua" mno.

Jambo lililonishangaza zaidi ni mapanga yenyewe: yote mawili yalikuwa yamenyooka. Rafadha inayozunguka ikigonga ardhi, mapanga yake hujipinda au kujisokota. Na ndege inayoshuka kwa kasi huchimba mtaro, huvunja miti na kutawanya vipande. Hapa nyasi zilikuwa shwari na mabawa yalilala mahali pake. Kwa hiyo ndege ambayo familia imeiita "iliyoanguka" kwa miaka sitini, kwa maoni yangu haikuanguka. Iliungua ikiwa imesimama.

Maelezo hayo yanaelekeza fikra kwenye mwisho wa Desemba 1962, wakati ndege za kivita za J 29 za Uswidi, zilizokuwa zikitumikia Umoja wa Mataifa, zilipozipiga ndege za Katanga zikiwa chini katika uwanja wa Kolwezi. Hata hivyo, serikali ya Kinshasa nayo ilitumia Harvard baadaye, hivyo aina ya ndege haituambii ilikuwa ya nani. Nyuma yake kuna kichuguu kirefu kuliko mtu na miti ya miombo, mandhari ambayo kila aliyesafiri kwenda Likasi anaijua. Hayo yanaunga mkono Katanga, lakini hayatofautishi Kolwezi na Kamina, mji mwingine wa Katanga.

Ndipo tukageuza picha. Nyuma pameandikwa kwa wino "Lubumbashi 1961". Mji huu uliitwa rasmi Élisabethville hadi 1966, kwa hiyo huenda mwandishi aliandika miaka kadhaa baadaye, kwa kumbukumbu. Nasema huenda, maana mto Lubumbashi ulikuwa na jina hilo kabla ya mji.

Kwenye kadi yetu tumeandika: Harvard, iliyoungua ikiwa chini, yaelekea Katanga, mahali na tarehe bado. Namba ya ndege ingetupa jibu, na kwa kawaida huandikwa ubavuni karibu na mkia au kwenye mkia wenyewe. Mzee sasa anatafuta negativu kwa dada yake, kwa sababu upande wa mkia ulikatwa kwa mkasi zamani, ili picha iingie katika fremu ya sebuleni.