Bogenvilia haichanui kwa maji ya kila siku

Wengi tumekua tukiamini kwamba ua lisilochanua lina kiu. Kwa mwaridi kuna ukweli kiasi: unapenda samadi iliyooza vizuri na maji ya kutosha, yamwagwe shinani, maana majani yakikaa na unyevu hupata madoa meusi ya ukungu.

Bogenvilia, yenye asili ya Amerika Kusini, ni kinyume. Ikinyweshwa kila siku na kujazwa samadi hustawi majani tu, na inasikitisha kuona watu wakiing'oa wakidhani ni dume. (Hata zile rangi zake ni majani, ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati.) Iweke kwenye jua kali, uache udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena.