Homa isiyoisha baada ya upasuaji wa moyo: maswali ya wagonjwa wa Kusini

Hela ya korosho ikiingia, nauli hupatikana, na hapo ndipo ninapoanza kuwaona: watu wenye kovu la wima katikati ya kifua, mkononi bahasha ya kaki yenye karatasi za Dar es Salaam. Wengi walibadilishiwa valvu, yaani vilango vya moyo, pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wachache India. Chanzo mara nyingi ni kilekile: koo lililouma utotoni bila kutibiwa, ikafuata homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu valvu. Upasuaji ulikwenda vizuri. Sasa miezi imepita, mtu anaumwa na hakuna anayeweza kumwambia anaumwa nini. Maswali haya ni yao. Majina nimeyaacha.

Nilibadilishiwa valvu miezi 14 iliyopita. Huu mwezi wa pili homa inanijia jioni, usiku natoka jasho, na nimekonda. Nimetibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili. Mbona siponi? (Mwanaume, Tandahimba)

Pengine kwa sababu hukuwa na malaria wala taifodi, kaka. Sisemi malaria haipo Mtwara na Lindi. Ipo, tena sana. Shida iko kwenye kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole. Kinachotafutwa pale ni protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea chenyewe kufa. Umemaliza mseto, umepimwa tena baada ya wiki mbili, mstari wa pili unaweza kutokea vilevile na ukaanzishiwa dozi nyingine isiyo na kazi. Ikifika hapo, omba damu yako iangaliwe kwa darubini. Na kipimo cha taifodi kinachoitwa Widal ndiyo usiseme: kwa mtu mzima aliyekulia huku kwetu, kinaweza kusoma taifodi hata akiwa mzima kabisa.

Mwenye valvu ya bandia akipata homa isiyo na sababu ya wazi, ugonjwa wa kwanza kufikiriwa ni maambukizi ya valvu na utando wa ndani wa moyo, ambayo madaktari huyaita endokadaitisi. Bakteria huingia kwenye damu kupitia jino bovu, jipu, kidonda au sindano isiyo safi. Wakifika kwenye valvu hujishikiza kama chaza kwenye mwamba, na kinga ya mwili haiwafikii vizuri. Dalili huja polepole: homa ya kwenda na kurudi, uchovu, jasho, hamu ya kula kupotea, pumzi kukatika ukipanda hata mlima mdogo. Bila tiba huua. Tiba yake ni antibayotiki za kwenye mshipa, kwa valvu ya bandia kwa kawaida wiki 6 au zaidi, na baadhi ya wagonjwa hurudi kwenye chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo wewe huhitaji mseto wa nne. Unahitaji rufaa, wiki hii.

Nesi kanikataza kunywa antibayotiki yoyote mpaka nichukuliwe damu ya kuotesha. Huku si kunitesa?

Nesi huyo ana akili. Kuotesha damu maana yake ni kuiweka kwenye chupa zenye chakula cha bakteria, zikatunzwa kwenye joto siku kadhaa, kuona kama kuna kinachoota. Kikiota, maabara inakitambua na kujua ni dawa gani inakiua. Damu huchukuliwa kwa seti 3, kila seti kutoka sehemu tofauti ya mwili. Kwa mtu mzima chupa moja huhitaji mililita 8 hadi 10, kwa hiyo usishangae ukiona sindano kubwa. Hawauzi damu yako.

Ukinywa vidonge kabla, hata vya siku mbili tu, bakteria wanazimia bila kufa. Chupa haioti kitu, majibu yanarudi safi, na wewe bado unaumwa.

Namkumbuka mama mmoja kutoka Newala. Nilimwomba anionyeshe dawa alizotumia, akafungua kitenge na kumwaga kitandani pakiti saba: amoksilini, siprofloksasini, septrini, flajili, tena amoksilini ya rangi nyingine, na mbili zilizokatwa hata jina halisomeki. Kila moja ilikuwa na vidonge vilivyobaki. Akasema kwa utulivu kabisa, "Kila nikinywa hii homa inakaa siku tatu, halafu inarudi." Sentensi ile ilikuwa na thamani kuliko karatasi zote alizobeba. Homa inayonywea kwa antibayotiki ikarudi ukiacha, kwa mtu mwenye valvu, ni endokadaitisi mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini damu yake haikuotesha kitu. Dawa za nusu dozi zilikuwa zimeshafuta nyayo, na ikabidi wataalamu wategemee eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ya kupitia kooni, ile ya kumeza mpira mwembamba, ambayo huona nyuma ya valvu vizuri kuliko eko ya juu ya kifua.

Kama umezidiwa, umepoteza fahamu au presha imeshuka, hapo hakuna kusubiri: damu inachukuliwa na dawa inaanza saa hiyohiyo. Katazo la nesi ni kwa anayeweza kusubiri.

Ni wiki ya tatu tangu nitoke wodini. Kifua kinachoma nikivuta pumzi ndefu au nikilala chali, nikiinama mbele napata nafuu. Na kihoma kipo.

Huenda ni utando unaouzunguka moyo umevimba. Mwili uliofunguliwa kifua wakati mwingine hujibu hivyo, zaidi ndani ya wiki 6 za mwanzo, na unaweza kujaza maji pembeni mwa moyo. Hutibika. Lakini ni lazima eko ifanyike, maana maji yakiwa mengi yanaubana moyo. Usijinunulie diklofenaki: ukiichanganya na warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, unaweza kutokwa damu tumboni. Na kovu likiwa jekundu, linatoa usaha, au mfupa wa kifua unacheza ukikohoa, hilo ni jambo jingine na ni la leo.

Wameniambia ni kifua kikuu, ingawa makohozi hayana kitu. Nianze dawa?

Inaweza kuwa kweli. Kifua kikuu kiko kwetu na si lazima kionekane kwenye makohozi. Lakini kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, sema kwa sauti: "Natumia warfarini." Ndani ya dawa za kifua kikuu mna rifampisini, na hiyo hulifanya ini liichome warfarini haraka mno. INR, yaani kipimo cha damu kuchelewa kuganda, inashuka, na damu inaweza kuganda juu ya valvu ya chuma. Wapo wanaohitaji dozi ya warfarini kupandishwa mara mbili, tatu au zaidi, huku wakipimwa mara kwa mara. Hatari nyingine inakuja mwisho: ukimaliza rifampisini, warfarini ile ya juu isiposhushwa, utaanza kutokwa damu. Hili la mwisho watu hulisahau kwa sababu wanakuwa wanasherehekea kupona.

Kuna jambo la pili, la nadra, ila lijulikane. Miaka kadhaa kabla ya 2016 madaktari wa Zürich, Uswisi, walikutana na wagonjwa waliougua muda mrefu baada ya upasuaji wa moyo: jasho la usiku, kukonda, uchovu, homa. Karibu kila kitu kilifanana na kifua kikuu. Mhalifu alikuwa binamu wa bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium chimaera. Alitoka kwenye maji ya mashine ya kupoza na kupasha joto damu wakati wa upasuaji. Maji hayagusi damu, lakini feni ya mashine ilirusha ukungu usioonekana, ukatua kwenye kifua kilicho wazi. Oktoba 2016 mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, iliwatahadharisha wagonjwa na madaktari. Ilikadiria kwamba katika hospitali ambayo imeshapata angalau mgonjwa mmoja wa namna hiyo, hatari ni kati ya mtu 1 kwa 100 na 1 kwa 1,000.

Huyu bakteria anakwenda taratibu. Dalili zinaweza kutokea baada ya miezi mingi, hata miaka. Kuotesha damu kwa kawaida hakumpati. Kunahitajika uoteshaji maalumu wa wiki 6 hadi 8. Haambukizi kutoka mtu kwa mtu, kwa hiyo usitengewe sahani. Siandiki haya ili uende kumshitaki daktari wako. Nayaandika kwa sababu kama kila kipimo kimerudi safi na bado unakonda, ni haki yako kuuliza: "Je, damu yangu iliwahi kuoteshwa kwa ajili ya bakteria wa jamii ya kifua kikuu?"

Kikohozi changu wanasema ni salfa tu, maana tunapulizia mikorosho.

Salfa inakohoza, hilo hakuna mkulima asiyelijua. Lakini kikohozi cha salfa huja na macho kuwasha, kinaanza shambani na kinapungua ukikaa mbali siku kadhaa. Kikohozi cha moyo kinakuamsha usiku. Unaongeza mto, kisha wa pili, mwisho unalala umekaa, na viatu vinabana jioni. Mikorosho apulizie mwingine.

Mkojo umekuwa kama Coca-Cola na macho yamekuwa ya njano. Nimeambiwa ni nyongo.

Valvu inayovuja pembeni huweza kupasua chembe nyekundu za damu, na rangi yake ikatoka kwenye mkojo. Malaria kali nayo hufanya hivyo. Wingi wa damu upimwe leo.

Naruhusiwa mlonge na kisamvu?

Kisamvu kula, tena kila wiki kiasi kilekile. Kinachovuruga warfarini ni kutokula mwezi mzima, kisha kula sufuria nzima msibani. Unga wa mlonge, na dawa za mizizi ambazo hata muuzaji hajui zimo nini, acha. Flajili na septrini huipandisha INR, hivyo usizichukue dukani kama peremende. Uraka nao usiuguse. Najua msimu wa mabibo unavyoshawishi.

Nikifika kwa daktari nababaika, naishia kusema "naumwa tu". Nifanyeje?

Nunua daftari la kurasa chache na kipimajoto. Pima asubuhi na jioni, andika namba. Siyo "joto kali", andika 38.4. Andika uzito kila Jumatatu, INR ya mwisho na tarehe yake, na kila dawa uliyomeza, hata ya jirani. Ukurasa wa kwanza uwe na tarehe ya upasuaji, aina ya valvu na mahali ulipofanyiwa. Nakili kutoka kwenye kadi. Daktari wa zamu ana dakika chache tu. Siku kumi za namba atazisoma kwa nusu dakika, na kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, ni mbali mno kwenda kusema "naumwa tu".

Usiku chumba kikitulia nilikuwa naisikia valvu ya mume wangu, tik, tik, kama saa ya ukutani. Tangu juzi siisikii vizuri. Ni masikio yangu?

Dada, liamini sikio lako. Mlio wa valvu ya chuma ukififia, damu inaweza kuwa imeganda juu yake. Muulize bila ukali kama aliruka warfarini, maana ukimgombeza atakudanganya. Mwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, atamke jina lake: hapo unaangalia dalili za kiharusi. Hata akiweza vyote, msingoje basi la alfajiri la Dar. Nendeni usiku huohuo hospitali kubwa iliyo karibu nanyi, iwe Ligula, Mitengo, Sokoine, Ndanda au Nyangao, na mseme getini: "Ana valvu ya chuma na mlio umefifia." Bebeni kadi yake na pakiti ya warfarini, hata kama ni tupu. Hasa kama ni tupu, kwa sababu hilo ndilo watakalouliza kwanza.