Boksi la bahati ni nini?

Boksi la bahati ni bidhaa inayouzwa ikiwa imefungwa. Mnunuzi anajua aina ya vitu vinavyoweza kuwamo, lakini hajui kipi kimemwangukia mpaka alipe na kufungua. Linaweza kuwa boksi la karatasi lenye mdoli ndani, au pakiti ya wachezaji katika gemu ya mpira kwenye simu, isiyoshikika wala kupimika. Mambo matatu hayabadiliki: bei ni moja kwa kila boksi, vilivyomo havina thamani sawa, na kile kinachotamaniwa kuliko vyote kimefanywa kiwe haba kwa makusudi.

Wazazi wengi hapa Kisumu wameshaiona biashara hii bila kuitambua. Msichana anashuka kwenye matatu pale stendi, mkoba wake ukining'inia kidubwasha chenye manyoya, masikio ya sungura na meno ya msumeno. Ndugu yake yuko nyumbani Manyatta na simu, anacheza gemu ya mpira iitwayo eFootball, na mara kwa mara anaomba atumiwe mia mbili kwenye M-Pesa. Mzazi huona mdoli kuwa urembo na gemu kuwa mchezo, mambo mawili yasiyojuana. Kumbe ni biashara moja, na ukiielewa upande mmoja umeielewa na wa pili.

Tuanze na mdoli. Jina lake ni Labubu, na alibuniwa na Kasing Lung, msanii mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, ambaye mwaka 2015 alichora kundi la viumbe aliloliita The Monsters. Mwaka 2019 kampuni ya Pop Mart ya China ilianza kuwatengeneza viumbe hao kama midoli ya kuuzwa. Pop Mart ilianzishwa Beijing mwaka 2010 na Wang Ning, na sehemu kubwa ya biashara yake imejengwa juu ya boksi lililofungwa. Labubu alivuma kweli kweli mwaka 2024, baada ya Lisa wa kundi la muziki la Blackpink kuonekana naye. Mwaka uliofuata, Labubu mwenye kimo cha sentimita 131 alinadiwa Beijing kwa yuani milioni 1.08, na mwezi Mei maduka ya Uingereza yakasimamisha kumuuza kwa muda kwa sababu wateja walikuwa wakipigana.

Lakini wazo lenyewe ni la zamani kuliko Labubu. Mashine za kutumbukiza sarafu na kupata kidubwasha ndani ya kifuko cha plastiki zilifika Japani kutoka Marekani mwaka 1965, na kampuni ya Bandai ikaingia katika biashara hiyo mwaka 1977. Waliotengeneza gemu za simu baadaye waliuchukua mtindo huo na kuuweka kwenye skrini.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupotezwa. Mfululizo wa Labubu uliotoka mwaka 2023 una midoli sita ya kawaida na mmoja wa siri. Uwezekano wa kumpata huyo wa siri ni 1 kati ya 72. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba akinunua maboksi 72, wa siri lazima awemo. Sivyo. Kila boksi lililotoka mahali pake halijui wala halijali mengine yamekuwa na nini. Chukua watu 100, kila mmoja anunue maboksi 72 moja moja kutoka maduka mbalimbali: zaidi ya theluthi yao watarudi nyumbani bila wa siri. Nambari hiyo 72 inaeleza wastani wa wanunuzi wengi mno. Haimwahidi mnunuzi mmoja chochote.

Hata kumsahau wa siri na kuwataka wale sita wa kawaida tu si kazi ndogo. Boksi la kwanza hakika litakupa usiyekuwa naye. La pili lina nafasi tano kati ya sita. Ila ukishakuwa na watano, kila boksi jipya lina nafasi moja kati ya sita ya kukuletea aliyebaki, na tano kati ya sita za kukurudishia uliyenaye tayari. Ukijumlisha hatua zote, kukusanya sita kwa kununua moja moja huchukua, kwa wastani, maboksi kama 15. Mwaka 2025 boksi moja liliuzwa Marekani kwa dola 27.99, yaani zaidi ya shilingi 3,500 zetu. Midoli sita, basi, inaweza kumgharimu mtu zaidi ya shilingi 50,000. Anayejua biashara hununua katoni nzima ya maboksi sita, ambayo kwa kawaida haina wa kujirudia, na analipa chini ya nusu ya hapo. Mwenye pesa nyingi kwa mkupuo mmoja analindwa na hesabu, na mwenye kudunduliza ndiye anayeumia. Hilo linaniudhi kuliko jambo lingine lolote katika biashara hii.

Muuza mitumba wa soko la Kibuye atasema hayo yote si mageni kwake. Beli ya kilo 45 hununuliwa ikiwa imefungwa kwa mikanda, na anayeikata hajui kamera, zile nguo nzuri kuliko zote, zitakuwa ngapi, wala fagia, yale mabaki ya bei ya chini, itakuwa kiasi gani. Kweli beli na boksi vinafanana, na anayetaka kuelewa boksi la bahati haraka na aanzie hapo. Lakini beli ina daraja, ina nchi ilikotoka, ina aina: suruali za jinzi, nguo za watoto, mashuka. Hata fagia ina mnunuzi wake. Na la muhimu zaidi, hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba beli 71 ziwe za kawaida na moja iwe ya dhahabu. Mchanganyiko wa beli unatokana na nguo ambazo watu wa mbali waliamua kuzitoa. Uhaba wa boksi la bahati hupangwa kiwandani, kabla mdoli wa kwanza haujashonwa. Mama wa Kibuye anabahatisha ili auze. Mtoto wa shule anabahatisha ili aambiwe abahatishe tena.

Kwa nini watu hurudia? Miaka ya 1950 mwanasaikolojia B. F. Skinner na wenzake huko Marekani walifanya majaribio na njiwa waliofundishwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa waliopewa chakula baada ya idadi ya midonoo isiyotabirika walidonoa kwa kasi na bila kuchoka, na chakula kilipokatwa waliendelea kwa muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Zawadi isiyojulikana itakuja lini humshika kiumbe kuliko ile inayokuja kwa mpango. Mashine za kamari zimejengwa juu ya tabia hiyo, na boksi la bahati pia. Ndiyo maana video za watu wakifungua maboksi hutazamwa sana: utamu mwingi uko katika zile sekunde za kuchana karatasi, na mdoli ukishatoka, sehemu kubwa ya ulicholipia imekwisha.

Kwenye gemu mambo ni mazito zaidi, kwa sababu hakuna hata mdoli. Tazama kwanza kibanda cha PS (PlayStation) pale Kondele. Kijana analipa, anacheza mechi yake, akifungwa anampisha mwenzake. Mechi moja, bei moja, na anajua alichonunua. Sasa tazama simu. Gemu yenyewe ni ya bure kupakua, lakini mchezaji nyota hupatikana kwa kuspini, yaani kubonyeza na kungoja bahati ikuchagulie, au kufungua pakiti, na kuspini kunalipiwa kwa sarafu za gemu. Shilingi inageuzwa sarafu, sarafu inageuzwa spini, spini inaleta mchezaji ambaye pengine tayari unaye. Kila mgeuzo unamsogeza kijana mbali na bei halisi. Sarafu nazo huuzwa kwa mafungu, na mara nyingi hubaki chache zisizotosha kununua kitu, kwa hiyo anaongeza kidogo ili zilizobaki zisipotee.

Zipo gemu ambazo huweka ukomo. Genshin Impact, iliyotoka mwaka 2020, humpa mchezaji uwezekano wa asilimia 0.6 tu kwa kila jaribio la kumpata mhusika wa daraja la juu, ila akifikisha majaribio 90 bila kumpata, analetewa. Wengine huona huo ni uungwana. Mimi naona ni namna ya kumwonyesha mtu aliyefika jaribio la 70 kwamba kuacha sasa ni hasara.

Na ulichokipata si chako kama shati lilivyo lako. Ultimate Team, sehemu ya gemu ya mpira ya kampuni ya EA iliyoanza mwaka 2009, huanza upya kila toleo jipya linapotoka, na wachezaji uliowalipia mwaka jana hawahamii mwaka huu. Vijana wetu bado wanaiita FIFA, ingawa tangu mwaka 2023 jina lake ni EA Sports FC. Mdoli angalau unaweza kumuuzia jirani.

Je, hii ni kamari? Nchi zimejibu tofauti. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hii katika gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwamo, zinavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi zake za kununulia pakiti. Uholanzi ilijaribu njia hiyohiyo na kuitoza EA faini ya yuro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta. China tangu mwaka 2017 inataka watengenezaji wa gemu watangaze uwezekano wa kupata kila kitu, na mwaka 2023 ilitoa mwongozo kwamba maboksi ya midoli yasiuzwe kwa watoto wa chini ya miaka 8. Ubishi wa kisheria kwa kawaida huzunguka swali moja: je, ulichoshinda kina thamani ya pesa? Mwenye duka atasema kila boksi lina kitu, kwa hiyo hakuna anayeshindwa. Muulize aliyefungua maboksi manne na kumkuta mdoli yuleyule.

Kenya, mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, na kila mzazi wa Nyalenda anajua mwanawe hapaswi kuweka bet. Lakini mzazi huyohuyo hutuma pesa ya kuspini bila wasiwasi, kwa sababu jina lake ni gemu. Simsemi vibaya. Hakuna aliyemweleza.

Mitaani kwetu kuna jambo lingine ambalo ni vizuri mtu alijue. Midoli mingi inayofanana na Labubu vibandani ni ya kuiga, ile ambayo mashabiki duniani huiita Lafufu. Labubu halisi ana meno tisa, kwa hiyo kuhesabu meno ni pa kuanzia, ingawa mwigaji hodari naye anajua kuhesabu. Wa kuiga anayeuzwa wazi ndani ya nailoni hana bahati nasibu yoyote: unamwona, unachagua rangi, unapatana bei. Kwa mtu anayetaka pambo la mkoba, hiyo ni biashara nyoofu zaidi, mradi ajue ananunua nakala. Hatari iko kwa mtoto mdogo. Uingereza wakaguzi wa bidhaa walionya mwaka 2025 kwamba midoli bandia hutoka vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto, kwa hiyo vuta macho, mikono na miguu kabla ya kulipa. Tena, hata boksi halisi limeandikwa kuwa ni la umri wa miaka 15 kwenda juu.

Cha kuogopa zaidi ni nakala iliyofungwa ndani ya boksi la kuiga. Uwezekano ulioandikwa ubavuni umenakiliwa pamoja na picha, na hakuna kiwanda kinachouheshimu. Huenda wa siri hayumo katika shehena nzima.

Kwenye gemu, uwezekano huandikwa pia, lakini kwa herufi ndogo, nyuma ya kitufe cha maelezo karibu na pale pa kuspinia. Kifungueni pamoja na mtoto, msome asilimia ya yule mchezaji anayemtaka, kisha mgawanye 100 kwa hiyo asilimia. Asilimia 0.5 ni spini 200 kwa wastani. Zidisheni kwa bei ya spini moja kwa shilingi, si kwa sarafu. Na kwenye mipangilio ya Play Store kuna sehemu ya kudai nywila kila mara kitu kinaponunuliwa; iwasheni, na nywila aishike mwenye M-Pesa.