Mnada wa mavuno kanisani: maana yake na unavyoendeshwa

Mnada wa mavuno ni uuzaji wa hadhara wa vitu ambavyo waumini wamevileta kanisani kama sadaka. Mtu hana fedha mkononi, au anazo kidogo, basi analeta alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai, debe la mahindi, jogoo. Ibada ikiisha, vitu hivyo vinanadiwa pale pale nje ya kanisa, na fedha zinaingia kwenye mfuko wa usharika, yaani kanisa la mahali pale na waumini wake. Ukipita Jumapili mchana kwenye vijiji vya juu ya Moshi, kuanzia Machame mpaka Marangu, ukasikia mtu anapaza sauti "elfu tatu, elfu tatu, nani anaongeza?" huku watu waliovaa nguo zao za Jumapili wanacheka, ujue hilo si gulio. Ni kanisa linajenga.

Kilimanjaro jambo hili linajulikana zaidi kwa Walutheri wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), lakini si lao peke yao. Kibosho, Uru na Kilema, ambako Wakatoliki ni wengi, utakuta vitu vinaletwa altareni wakati wa matoleo na baadaye vinauzwa vivyo hivyo. Majina tu ndiyo yanabadilika: huku usharika na mtaa, kule parokia na kigango. Pande zote mbili kazi ya kukusanya huanzia kwenye jumuiya, yaani zile kaya chache za jirani zinazosali pamoja katikati ya wiki. Kuna mnada mkubwa wa sikukuu ya mavuno, unaotangazwa mapema na kila jumuiya ikajiandaa, na kuna mnada mdogo wa Jumapili ya kawaida, wa vitu vitano au kumi, usiotangazwa na mtu. Huo mdogo watu wengi hawauhesabu kama kitu, nami nadhani ndio muhimu zaidi. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuone unavyokwenda. Mchungaji akishatoa baraka, kwaya inaimba watu wanatoka, wanapanga duara uwanjani, mara nyingi chini ya mti au ubavuni mwa jengo penye kivuli. Vitu viko juu ya meza au chini kwenye majani ya mgomba: mkungu wa mshare, aina ya ndizi za kupika, bado unatoa utomvu, magimbi yenye udongo, maparachichi kwenye ndoo, mayai sita kwenye bakuli iliyofunikwa kitambaa, chupa ya maziwa, jogoo amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba na amekwisha kukata tamaa. Anayenadi huwa ni mzee wa kanisa au kijana mmoja mwenye mdomo mwepesi. Sifa yake kubwa ni kuwajua watu. Anajua nani amerudi kutoka Dar es Salaam juzi, nani ameuza ng'ombe, nani ana mgeni nyumbani na hataki kuonekana mnyonge mbele yake. Anajua pia nani hapaswi kutajwa kabisa, kwa sababu ana mgonjwa hospitalini na hela yote imeishia huko. Mpiga mnada mbaya ni yule asiyejua hilo la mwisho.

Bakuli la mayai linainuliwa. Tuseme linaanza kwa elfu mbili. Mmoja anasema elfu tatu, mama wa kwaya anasema nne, kijana wa bodaboda aliyesimama pembeni anarusha tano, watu wanashangilia. Moja! Mbili! Tatu! Limekwenda. Kijana analipa, halafu anasema, "Mpelekeeni bibi." Bibi yupi? Yuleyule aliyeyaleta mayai. Hapo kila mtu anapiga makofi, na bibi anarudi nyumbani na mayai yake, na sadaka yake imeshahesabiwa.

Hilo ndilo jambo la kuelewa kuhusu mnada huu: bei haina uhusiano mkubwa na thamani ya kitu. Mayai sita dukani hayafiki elfu tano. Jogoo naye anaweza kuuzwa mara tatu. Mnunuzi wa kwanza anatoa elfu ishirini na kumrudisha mnadani, wa pili anatoa elfu thelathini na kumrudisha tena, wa tatu anatoa elfu ishirini na tano na kusema apelekwe kwa mchungaji. Usharika umepata elfu sabini na tano kwa kuku mmoja, na kuku bado yuko hai. Mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni, mjini Moshi, akiambiwa hesabu hiyo atadhani watu wamerukwa na akili. Lakini hapa hakuna anayenunua kuku. Aliyemleta ametoa sadaka ya kuku, na wale watatu wametoa sadaka ya fedha. Kuku ni kisingizio kizuri cha kuwakutanisha. Kitu kimoja kimebeba sadaka nne, na ya kwanza, ambayo ndiyo iliyoziwezesha nyingine zote, imetoka kwa mtu asiye na hela.

Ukiangalia maisha ya kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba ya Mchagga, utaona ni kwa nini utaratibu huu umeshika mizizi mlimani. Ndizi zipo mwaka mzima, maziwa yapo, mayai yapo. Fedha ndizo zinazokuja kwa msimu. Kwa miongo mingi msimu huo ulikuwa wa kahawa: wakulima walianza kujipanga kwenye chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichouza kahawa ya Wachagga. Malipo ya kahawa yakishuka, ada za shule zililipwa, mabati yalinunuliwa, na kanisa lilipata chake. Miezi mingine yote usharika uliishi kwa mkungu na kibuyu cha maziwa. Sasa duka la vifaa vya ujenzi halipokei ndizi. Saruji, nondo na mabati vinataka fedha taslimu. Mnada ndio unaogeuza ndizi kuwa saruji.

Na desturi ya kujitegemea ina umri. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakati Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameshaanza kazi Kilema. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na sharika za Kilutheri zikabaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Mtu akikuambia kwamba makanisa ya mlimani yamejengwa na Wazungu, mwambie aulize kwanza ni nani aliyebeba mawe. Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, na bei ikayumba, wengi waling'oa mibuni au waliiacha izeeke. Fedha ya msimu ikahamia kwingine: kwa watoto walioko Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo.

Hapo ndipo inapoingia harambee, ambayo watu huichanganya na mnada. Harambee ni tukio lenye lengo lililotajwa, mgeni rasmi, kadi za mchango zilizosambazwa wiki kadhaa kabla, meza kuu yenye maua na chupa za maji, kwaya mbili tatu, na chakula cha pamoja. Kilimanjaro hupangwa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, kwa sababu ndipo wana wa kijiji wanapopanda mlima na magari yao. Hela ya harambee huwa kubwa kwa siku moja kuliko mnada wa miezi mingi, hilo halina ubishi. Paa la kanisa kwa kawaida linaezekwa na harambee.

Ila harambee ina magonjwa yake. La kwanza ni ahadi hewa. Mtu anasimama, kipaza sauti kiko mdomoni, ndugu zake wanamtazama, anatamka mifuko hamsini ya saruji, anapigiwa vigelegele, tarehe tatu Januari anashuka Dar na simu haipokelewi. Mhazini anabaki na daftari. (Aliyeahidi kwa mifuko, hata hivyo, ni afadhali kuliko aliyeahidi kwa shilingi: bei ya saruji ikipanda, mifuko hamsini inabaki mifuko hamsini.) La pili ni mgeni rasmi kuwa mwanasiasa. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, wageni rasmi hawakosekani. Hili taifa zima limeshalijadili: sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Usharika wenye busara unamwalika mgeni rasmi aliyezaliwa pale, aliyebatizwa pale, na asiyegombea kitu.

La tatu linaniudhi zaidi, nalo ni kwamba harambee inawageuza wazee wa kijiji kuwa watazamaji. Wanakaa kwenye viti vya nyuma, wanasikia milioni zinatajwa, na elfu mbili zao zinapotolewa hazisomwi kwenye kipaza sauti, zinajumlishwa na "wengineo". Kwenye mnada mdogo wa Jumapili hakuna wengineo. Kila kitu kinainuliwa juu, kinatajwa, kinapiganiwa. Fungu la mchicha la mjane linapata dakika yake mbele ya watu wote, na anayelinunua kwa elfu kumi hawezi kujisifu sana, maana bila mchicha asingekuwa na cha kununua.

Sisemi mnada hauna kasoro. Wapo waumini, na hata wachungaji, wasioupenda. Wengine wanakumbusha habari ya Yesu kupindua meza za wabadili fedha hekaluni, na ndiyo maana sharika nyingi zinashika utaratibu kwamba kitu kinawekwa wakfu ndani, lakini hakinadiwi mpaka baraka itolewe na watu wawe nje. Wengine wanasema ushindani wa dau unaingiza kiburi, na kwamba Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu kutoa si kwa huzuni wala si kwa lazima, wakati mtu aliyetajwa jina na mpiga mnada mbele ya wakwe zake yuko kwenye lazima tupu. Hoja hii ina uzito. Nimeona pia jumuiya zikisomewa matokeo kama ligi, ya kwanza mpaka ya mwisho, na ya mwisho ni ileile kila mwaka kwa sababu iko bondeni kwenye ardhi iliyochoka. Kusoma majumla ya jumuiya ni uwazi. Kuyapanga kwa nafasi ni kuwaaibisha watu kwa udongo wao.

Uwazi wenyewe ndio unaoushikilia mnada usianguke. Fedha hukusanywa na mtu mmoja, huandikwa na mwingine, na kuhesabiwa na wazee wa kanisa zaidi ya mmoja kabla ya mtu yeyote kuondoka. Jumapili inayofuata, kwenye matangazo, husomwa mahudhurio na mapato: sadaka ya kawaida kiasi fulani, bahasha za ahadi kiasi fulani, mnada kiasi fulani. Watoto wanasinzia wakati huo, lakini wazee wanasikiliza kila tarakimu, kwa sababu walikuwepo uwanjani na wana hesabu yao kichwani. Kwa sadaka ya kapu hakuna anayejua ndani kulikuwa na nini. Mnada kila mtu ameuona ukihesabiwa kwa sauti, bei kwa bei, na mhazini anayetaka kula hela hiyo atajikuta na wakaguzi mia mbili. Siku hizi wapo wanaolipa kwa simu, na hapo utaratibu wa kuangalia unatakiwa kuongezeka: namba iwe ya usharika, isiwe ya mzee fulani "kwa muda tu".

Kama wewe ni mgeni, umealikwa na rafiki yako Jumapili ya mavuno, mambo machache yatakusaidia. Njoo na noti ndogo ndogo, kwa sababu chenji haipatikani na ukitoa noti ya elfu kumi kwa kitu cha elfu nne, mpiga mnada atatangaza kwamba mgeni wetu amesema ibaki yote. Usianze kwa kuuliza kitu hicho sokoni ni shilingi ngapi. Usimpandie dau mtoto anayenunua parachichi kwa mia tano aliyopewa na mama yake, watu watakuangalia. Ukishinda mkungu wa ndizi na huna pa kuupeleka, una njia tatu zinazokubalika: kuurudisha unadiwe tena, kuutoa zawadi kwa mtu unayemtaja, au kumwachia mwenyeji wako. Na ukinyanyua mkono kumpungia rafiki yako ng'ambo ya duara wakati jogoo yuko juu, jiandae kulipia jogoo.