Dawa inayozuia titini na kuruhusu mfupani

Mama mmoja wa Tukuyu, akitoka kliniki Mbeya mjini, alinionyesha dawa yake ya saratani ya titi: tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku. Akauliza, "Mwanangu, hii inaondoa homoni ya kike au inaongeza?"

Haiondoi, wala si homoni. Estrojeni, yaani hiyo homoni ya kike, inaendelea kuwepo mwilini. Mabadiliko yanatokea ndani ya seli.

Seli za titi, mfupa, mji wa mimba na ubongo zina vipokezi, yaani protini zinazoishika estrojeni na kuamsha jeni fulani. Tamoksifeni na ndugu zake, ambazo tunaweza kuziita virekebishi teule vya vipokezi vya estrojeni, hukalia nafasi ileile. Zikishakaa, kipokezi hujikunja umbo jingine. Umbo hilo likikutana na protini wasaidizi zilizomo titini, kazi husimama. Likikutana na zile za mfupani, kazi huendelea. Nilimwambia mama afikirie mvua ya kwao: inachipuza chai, na siku hiyohiyo inaharibu maharage aliyoanika uani.

Ndiyo maana faida na madhara hutoka mfuko mmoja. Tamoksifeni huzuia saratani ya titi yenye vipokezi vya estrojeni, na kwa aliyekoma hedhi husaidia mifupa. Kwenye mji wa mimba huchochea ukuta wa ndani, hivyo hatari ya saratani hapo hupanda kidogo. Akitokwa damu baada ya kukoma hedhi, asisubiri tarehe ya kliniki. Mguu mmoja ukivimba ghafla pia aende, maana damu inaweza kuganda.

Cha kushangaza, tamoksifeni ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 katika kutafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilizuia. Kwa wanawake ikachochea yai kupevuka! Klomifeni, wanayopewa wanaotafuta mtoto, ni ndugu yake: huufanya ubongo uone kama estrojeni imepungua, nao ukaamrisha ovari zifanye kazi.

Watafiti walitaka dawa iliyo bora zaidi: ilinde mfupa, izuie titini, isiuguse mji wa mimba. Ndugu mwingine, arzoksifeni ya kampuni ya Eli Lilly, ilifika hatua ya mwisho ya majaribio. Ilipunguza mivunjiko ya uti wa mgongo na saratani ya titi, lakini mivunjiko ya mifupa mingine haikupungua. Mwaka 2009 kampuni ikaiacha.

Mama alicheka. Maharage yake, alisema, yalikuwa yameshaota.