Ramadhani Zanzibar si mwezi wa njaa

Juzi nimepigiwa tena simu ile ile. Mama mmoja wa Nairobi anapanga kuja Unguja siku nne na wenzake watatu, na shida yao ni kula tu. Hawataki pomboo, hawataki kobe, hawataki kupiga mbizi. Nilifurahi, kwa sababu hao ndio wageni wangu hasa. Kisha akauliza: "Lakini dada, Ramadhani si tutakufa njaa? Afadhali tuje Idi yenyewe, tule pilau."

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno kwa watu wa Nairobi, Dar, Mombasa na Arusha. Safari hii naliandika, pamoja na dhana nyingine ninazozisikia kwa wageni, ili nikipigiwa tena niwe na kitu cha kumtumia mtu akisome kabla hajalipa nauli.

"Ramadhani Zanzibar hakuna chakula, njoo Idi mosi"

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa kuwa inamleta mgeni siku mbaya na kumwondosha katika siku nzuri.

Ramadhani chakula hakipungui, kinahama saa. Mchana migahawa mingi ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, hufunga, na mingine hushusha pazia ikahudumia wageni ndani. Hoteli za pwani za Nungwi na Paje huwalisha wageni wao kama siku zote. Njiani usile, usinywe, usivute sigara, uwe Muislamu au usiwe. Sisemi hivyo kwa ajili ya adabu peke yake: Machi 2024 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Kunywa maji yako chumbani, kisha lala. Nawahimiza wageni wangu walale kabisa baada ya adhuhuri, kwa sababu usiku tutatembea sana.

Halafu ngoja alasiri iingie. Kuanzia saa kumi hivi sokoni Darajani panabadilika. Meza zinatolewa nje, kila meza na vitu vyake: mikate ya kumimina ingali na joto la mkaa, chila, sambusa, katlesi, bajia za kunde, vitumbua, tende za kupima, juisi ya ukwaju na ya bungo zilizotiwa kwenye chupa. Mnunuzi hana muda wa kubembeleza bei, anataka awahi nyumbani. Simama pembeni ya mama anayekaanga kaimati umtazame mkono. Unga wake mwepesi, umechanganywa na tui na kuumuka kwa hamira. Anaufumbata kwa kiganja cha kushoto, anaubana mpaka kidonge kitokeze kati ya kidole gumba na cha shahada, anakikwangua kwa kidole cha mkono wa kulia kilicholowa maji na kukitupa katika mafuta. Kinazama, kinapanda, kinajigeuza chenyewe. Ndani ya dakika moja karai limejaa, naye hajatazama chini hata mara moja kwa sababu anazungumza na mteja. Kisha shira yenye iliki. Kaimati ukizila wakati huo, ganda likiwa bado linalia, hutazitaka tena zilizolala. Ila hapo huwezi kuzila. Utazibeba mpaka magharibi, na kule kuzibeba ni sehemu ya utamu wake.

Ikikaribia saa kumi na mbili na nusu njia zinakuwa nyeupe. Hakuna teksi, hakuna bodaboda, hata paka wameingia ndani. Adhana inalia, watu wanafungua kwa tende na maji, kisha uji, kisha futari yenyewe. Hapa ndipo wageni wengi hushangaa. Futari ya Unguja si wali. Ni muhogo wa nazi, viazi vitamu, majimbi, ndizi mbichi zilizopikwa kwa tui zito na samaki wa kukaanga pembeni, kunde, tambi za sukari, na nyumba nyingine boko boko, ngano na nyama zilizosongwa mpaka zikawa kitu kimoja, juu yake samli na vitunguu vya kukaanga. Muhogo huo huo mwezi wa kawaida haupikwi kwa uangalifu huu. Na sahani haikai nyumba moja. Mtoto anatumwa na bakuli lililofunikwa kwa jirani, anarudi na bakuli jingine. Kwenye sinia moja unaweza kuonja mikono ya wapishi watano, na hakuna mkahawa utakaokupa hilo kwa pesa yoyote.

Baada ya tarawehe mji unaamka mara ya pili. Bustani ya Forodhani, kando ya bahari, inawaka taa, urojo unauzwa, mishkaki inachomwa, kahawa inazunguka na kashata mpaka usiku mkubwa. Mwenye nguvu hukaa mpaka daku.

Sasa linganisha na Idi mosi. Watu wanatoka msikitini, wanarudi nyumbani, wanakunywa chai na tambi na maandazi, kisha mchana pilau au biriani, mlango umefungwa na familia iko ndani. Mpishi wa mkahawa naye ana watoto, naye yuko kwake. Familia moja ya Dar ilishuka bandarini Malindi asubuhi ya Idi mosi kwa ushauri wa mtu aliyewapangia safari, akawaambia watakuta karamu mji mzima. Walitembea Malindi mpaka Darajani na watoto wawili, kila mlango kufuli. Walikula biskuti na soda, na jioni wakala chipsi hotelini. Mimi nilikutana nao kesho yake na nilisikitika kwelikweli, kwa sababu wangefika siku tatu nyuma wangelishwa mpaka wakaomba radhi.

Kwa hiyo ushauri wangu haubadiliki: fika katika kumi la mwisho la Ramadhani, siku tatu au nne kabla ya mwezi kuandama, na uondoke Idi pili au Idi tatu. Skukuu kwetu huchezwa siku nne, na kuanzia jioni za mwanzo watoto wamevaa nguo mpya, wanashika njia ya viwanja vya skukuu, Mnazi Mmoja na Kariakoo. Wauzaji wa vitu vidogo vidogo wako huko: ubuyu, aiskrimu, mishkaki, chipsi za muhogo, embe mbichi za chumvi na pilipili. Idi pili ndiyo siku ya kula barabarani. Idi mosi ni siku ya kula kwa watu, kama umealikwa.

"Idi iko tarehe fulani, nimeiona kwenye kalenda"

Kalenda inakisia. Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, na jibu linapatikana jioni ya siku ya 29, mwezi ukionekana au usipoonekana, tangazo likatoka. Wapo pia wanaofuata mwandamo wa nje, hivyo mtaa mmoja unaweza kuwa na wanaosali Idi na wanaofunga siku moja. Usikate tiketi ya kurudi isiyobadilika kwa siku unayodhani ni Idi mosi. Acha siku moja ya akiba, au ulipe kidogo zaidi upate tiketi ya kusogezwa. Boti ya kutoka Dar ni karibu saa mbili tu, lakini wiki ya skukuu zinajaa, na anayesema "nitanunua bandarini" hulala Dar.

Kama kweli huwezi kuishi na wasiwasi wa tarehe, njoo Idi kubwa. Idi ya kuchinja ni mwezi kumi Mfunguo Tatu, yaani siku ya kumi ya Dhulhija, kwa hiyo mwezi ukishaandama una siku tisa nzima za kujipanga huku tarehe ikijulikana. Watu hawalifikirii hili, nami sielewi kwa nini. Nyama siku zile ni nyingi, na hugawanywa.

Angalia na majira. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, ndiyo maana Idi ndogo iliyokuwa Aprili mwaka 2024 ilirudi mwishoni mwa Machi 2025. Ramadhani ya 2027 itaanza karibu na wiki ya pili ya Februari, wakati wa kaskazi, jua kali na bahari tulivu. Idi kubwa ya mwaka huo itaangukia Mei, katika masika. Njoo na mwavuli.

"Forodhani ndiyo chakula cha Zanzibar"

Ni usiku mmoja. Nenda, kaa ukutani, tazama bahari, kunywa juisi ya miwa ya tangawizi na ndimu. Bustani ile ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, na ni nzuri. Lakini pweza aliyechomwa jana na kurudishwa motoni leo hana ladha, na meza nyingi zimepangwa kwa macho ya mgeni. Uliza bei kabla hujaonyesha kidole, chagua kinachochomwa mbele yako, kisha usiku unaofuata niruhusu nikupeleke Ng'ambo.

"Lazima uwe Muislamu ndipo ukaribishwe futari"

Si kweli hata kidogo. Kumfuturisha mtu ni thawabu, na mwenye nyumba hatakuuliza dini yako. Atakuuliza kwa nini huli. Kinachotakiwa ni mavazi ya heshima, kuvua viatu mlangoni, kula kwa mkono wa kulia, na kutogusa chakula kabla ya adhana hata kama kimeshatandikwa. Usiende mikono mitupu: chukua tende nzuri, sukari, au matunda. Mpe mama wa nyumba, usimwekee mezani kama malipo. Na pesa ukitaka kutoa, usitoe sebuleni mbele za watu. Mpe mtoto mkono wa Idi siku ya skukuu, hilo linapokelewa kwa furaha.

"Siku tatu zinatosha Unguja na Pemba"

Hazitoshi. Utakula njiani tu. Pemba inataka safari yake, na atakayeifanya apite Wete anunue halua, achague iliyopikwa karibuni, inayong'aa kwa samli na kunukia iliki. Mtu anayenunua halua uwanja wa ndege dakika ya mwisho ananiumiza moyo.

"Basi kabla ya Ramadhani hakuna kitu"

Kuna vunja jungu! Siku za mwisho za Shaabani watu hujipikia, hualikana, hutoka kwenda pwani na vyungu vyao, wanakula kwa kuagana na mchana. Mgeni aliyewahi kuja siku hizo hurudi. Ni mapumziko ya siku mbili au tatu, mikahawa yote iko wazi mchana, hakuna anayegombania boti, na hakuna hofu ya wapi pa kunywa maji.

Yule mama wa Nairobi nimemshawishi aongeze siku. Anakuja mwezi 26 Ramadhani, anaondoka Idi pili, tiketi yake ya kusogezwa. Usiku wa kwanza atafuturu Kikwajuni kwa bibi mmoja ambaye muhogo wake nimeula tangu mdogo. Usiku wa mwezi 29 nitamweka barazani Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, na kikombe cha kahawa chungu, tungoje pamoja na wengine kama mwezi umeandama. Ukiandama, atazisikia kelele za watoto kabla ya tangazo kumfikia, na bibi wa Kikwajuni ameshasema: usipoandama, muhogo upo.